Maikrowevu Yangu Si ya Wastani

Kwa Mkurugenzi wa Majaribio,
Idara ya Visanduku vya Waifai vya Majumbani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPINGA NENO "WASTANI", NA KUOMBA TURUDISHIWE VURUGU ZETU ZA MAWIMBI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kwenye kiti kizuri, na waifai ya ofisini kwako haikatikikatiki. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwa kuwa hunifahamu, nijitambulishe. Mimi ni karani mstaafu wa masijala, mgane, nakaa peke yangu ghorofa ya pili, mlango wa kushoto ukimaliza ngazi. Jengo zima huniita Karani. Miaka yote ya utumishi wangu malalamiko ya watu wengine yalipita mikononi mwangu, nikayagonga mhuri, nikayapeleka yanakohusika. Langu mwenyewe sijawahi kuandika hata moja. Hili ni la kwanza, kwa hiyo nakusihi ulisome hadi mwisho, maana mimi ndiye ninayejua yalivyokuwa yakisomwa.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka, usije ukasema nimerukia mambo.

Ninyi kazi yenu ni kutengeneza visanduku vya waifai. Mhandisi wenu, yule binti mpole mwenye begi mgongoni na antena mkononi, alinieleza shida yenu kwa lugha nyepesi akiwa amesimama mlangoni kwangu. Alisema huko kwenu mna chumba cha kupimia kilichozibwa pande zote, wimbi la nje haliingii wala la ndani halitoki. Humo ndani kila kisanduku hufaulu. Kikipelekwa majumbani kinakutana na spika za watu, simu, rimoti, vichezeo vya watoto, na visanduku vya majirani wote vikipigana vikumbo hewani, basi kinazirai. Ndipo mkaona mtafute jengo lenye vurugu za kweli, vurugu za watu wanaoishi, mkipime kisanduku chenu kipya humo. Mkapita majengo mengi. Mengine, alisema, yalikuwa na vurugu lakini hazina msimamo. Alipofika kwetu kipimo chake kilianza kulia tangu getini.

Sitakuficha, tulivimba vichwa. Jengo letu halijawahi kuchaguliwa kwa lolote. Hata fundi rangi aliyepaka mtaa mzima alituruka. Mwalimu wa udereva, anayekaa ghorofa ya chini na kufundisha alama za barabarani kwa njia ya mtandao, alivaa tai siku ya vipimo. Dada wa mlango unaotazamana na wangu, anayeuza viatu mubashara kwenye simu, alipiga deki ngazi zote, hata zisizomhusu. Na hapo ndipo tulipokosea. Kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja kupima hewa ya nyumbani kwetu, sisi tuliisafisha. Kila mtu alizima kila kitu. Redio zilizimwa, spika zilizimwa, watoto walinyang'anywa vigari vya rimoti, na Mwalimu alitoa hata betri za saa ya ukutani asije akalaumiwa. Mhandisi alipanda na kushuka akikigonga kipimo chake kwa kiganja, akidhani kimekufa. Mwishowe alituita wote pale kwenye ngazi, akatuomba kwa adabu kubwa tuwe wachafu kama kawaida yetu.

Tulijaribu, Ndugu Mkurugenzi. Si rahisi mtu kuishi kawaida huku anatazamwa. Dada aliwasha spika tatu za nyimbo tofauti, akaambiwa hiyo si kawaida. Mwalimu alikaa tu kwenye kochi akisubiri aambiwe kawaida yake ni ipi. Kwa bahati jioni iliingia, mimi nikapata njaa, nikawasha maikrowevu yangu nipashe chakula. Baada ya muda mfupi Mhandisi alikuja juu anakimbia, kipimo kinapiga yowe, akasimama jikoni kwangu anatweta na kuitazama.

Hiyo maikrowevu ni zawadi niliyopewa na wenzangu wa masijala nilipostaafu. Mlango wake haushiki mpaka uukaze kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ikifanya kazi inaguna kama mtu anayevua viatu vilivyombana. Ukiiwasha, waifai ya jengo inaanza kuyumba. Na Bibi Mapacha akishafika kwangu kulalamika, inakuwa imeshakufa kabisa.

Huyo Bibi Mapacha ni mkunga mstaafu, anakaa juu yangu, ghorofa ya tatu. Analea wajukuu wawili pacha, watoto wa binti yake, ambaye kazi yake ni ya zamu za jioni. Utaniwia radhi kama nitamtaja mara kwa mara. Ni kwa sababu za kiufundi.

Sasa sikiliza jinsi jengo letu lilivyokuwa likiendeshwa. Sisi hatuna mazoea ya kugongeana milango hivi hivi. Mtu akigonga ana neno: ama bomba linavuja, ama redio iko juu. Lakini kila jioni mimi nilipasha chakula, picha zikaganda kwenye simu za watu, na watu watatu wakapata neno. Mwalimu alipanda, Dada alivuka, Bibi Mapacha alishuka. Huwezi kumsikiliza mtu mzima akilalamika huku amesimama, basi nikawakaribisha waketi. Wakishaketi huwezi kuwatazama hivi hivi, basi nikawapa chai. Maji ya chai nayachemshia kwenye hiyo hiyo maikrowevu. Kwa hiyo waifai iliendelea kuwa mbovu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kurudi kwake. Tulilalamika hivyo kila jioni mpaka vikombe vikapoa. Mwalimu alituigizia wanafunzi wake wanaosahau kuwa gari lina breki, Dada alituonyesha viatu vilivyorudishwa na wateja, na Bibi Mapacha alitusimulia watoto aliowazalisha ambao sasa wanampita barabarani bila kumwamkia. Kabla hajaanza kusimulia alikuwa akiweka mezani, kando ya kikombe chake, kile kidubwasha chake cha kusikilizia wajukuu. Kidubwasha kimoja kinabaki juu kitandani kwao, kingine anashuka nacho, na tulikuwa tukiwasikia pacha wakikoroma katikati ya mazungumzo yetu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kulalamika na wa mwisho kuondoka.

Mhandisi wenu aliomba kuichukua maikrowevu, mkaifanye kipimo cha vurugu halisi katika maabara yenu. Nikakubali, naye akatufungia visanduku vyenu vipya nyumba zote. Niliona ni heshima, kama mtoto wako kuitwa timu ya taifa. Nilimfungia na ukanda wake wa baiskeli. Sikujua ninatoa nini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hewa imekuwa safi kupita kiasi. Jioni ya kwanza baada ya kuichukua niliandaa vikombe vinne kama kawaida. Nikapasha chakula. Nikasubiri. Nilifungua mlango nikakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliye nyumbani. Hakuna aliyekuja. Ghorofa ya chini nilimsikia Mwalimu akifundisha somo la mzunguko tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatika, jambo ambalo halijawahi kutokea. Vikombe vitatu nilivirudisha kabatini vikiwa vikavu.

2. Maikrowevu mpya mliyonipa badala yake haina tabia. Haivuji kitu. Inafungwa kimya kama jokofu, na ikimaliza inalia taratibu kama inayoomba ruhusa. Nilijaribu kuiwasha mlango ukiwa wazi kidogo, kwa nia njema tu ya kuchangamsha jengo, ikagoma. Nyumbani ni kwangu, chakula ni changu, halafu mtambo unaniamulia.

3. Majirani zangu wananishukuru. Hili limeniuma kuliko nilivyotarajia. Dada nikipishana naye kwenye ngazi ananiambia, "Shikamoo Karani, ahsante sana, siku hizi waifai inakimbia," kisha naye anakimbia. Mwalimu amenipungia mkono akiwa ng'ambo ya barabara, na mtu anayekupungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara ameshaamua havuki. Zamani waliniita mharibifu, mzee wa kuchemshia jengo zima, na waliniita hivyo wakiwa wameketi kwenye kochi langu.

4. Nimejitahidi kurudisha vurugu kwa njia halali, na visanduku vyenu vimenishinda kwa makusudi. Nilinunua spika isiyo na waya, nikaiwasha mchana kutwa. Nikaomba vigari vya rimoti kwa watoto wa ghorofa ya kwanza, nikaviendesha sebuleni peke yangu mpaka kimoja kikaingia chini ya kabati, na bado kimo humo. Nikatafuta simu ya mezani ya zamani isiyo na waya, nikaongea nayo huku nikizunguka, ingawa haikuwa imeunganishwa popote. Hakuna jirani hata mmoja aliyesumbuka. Mhandisi wenu alishanieleza kwamba kisanduku kipya kikikuta njia moja ina fujo kinahamia nyingine, kama mtu aliyemwona mama mkwe wake sokoni. Hiyo ni tabia ya kukwepa watu, Ndugu Mkurugenzi. Na ninyi mnaiuza kama sifa.

5. Sasa nafika kwenye tusi lenyewe. Baada ya kukaa na maikrowevu yangu muda wote huo, mmeniandikia, kwenye karatasi yenye nembo, kwamba imepimwa katika chumba chenu na "imeonyesha mwingiliano wa mawimbi wa kiwango cha wastani, usiotosha kueleza hali iliyopimwa katika jengo lako."

Wastani.

Nililisoma neno hilo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Mtambo uliowahi kugandisha mtihani wa udereva wa watu kumi na wanne kwa mpigo, mnauita wa wastani. Mtambo uliomfanya Dada abaki kwenye simu za wateja wake mdomo wazi, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine hewani, mnauita wa wastani. Nilipokuwa masijala, neno hilo tuliliandika kwenye ripoti za watumishi ambao hatukukumbuka sura zao. Nalikataa kabisa, na sababu zangu za kitaalamu ni hizi:

(a) Mlichemsha nini? Mhandisi alinidokeza kuwa mlitumia chombo cha kioo chenye maji yaliyopimwa. Mimi sijawahi kuchemsha maji yaliyopimwa. Nilikuwa nikichemsha maji ya watu wanne katika jagi lenye mpini uliovunjika, na mmoja wao hajasema bado kama atakunywa.

(b) Nani aliuwasha? Mtambo huu unajua mkono. Unapaswa kuupiga kofi ubavuni kabla ya kukaza mpira, na kofi lenyewe si la hasira.

(c) Mmeuweka katika chumba kilichozibwa, hakuna madirisha, hakuna harufu ya vitunguu, watu wamevaa makoti meupe na hawazungumzi. Hata mimi mkiniweka humo nitakuwa wa wastani.

(d) Nani alikuja kugonga? Hili ndilo kubwa. Mmeandika kwenye vipeperushi vyenu kwamba mnapima vurugu halisi. Vurugu za kwetu haziishii kwenye kuwasha. Mtu anawasha, picha inaganda, mtu anakasirika, anavaa kandambili, anashuka, anagonga, anakaribishwa. Ninyi mmechukua kipande cha kwanza mkaacha vyote vilivyobaki, halafu mnashangaa kwa nini hesabu haitimii.

6. Kwa hiyo, ili majaribio yenu yawe ya haki, itabidi muweke mambo haya katika chumba chenu. Kwanza mimi mwenyewe. Niko tayari kuja kila jioni, na chakula changu nitabeba. Nikija mimi, lazima na kochi langu lije, kwa sababu wageni hawawezi kukaa sakafuni. Kochi likija, lazima majirani nao waje, la sivyo nani atalikalia? Mwalimu atakuja na wanafunzi wake, kwa kuwa bila somo la kukatika hana la kulalamikia. Dada atakuja na viatu, na mtamtengea ukuta wenye mwanga mzuri. Bibi Mapacha atakuja na wajukuu, na hapa muwe makini: yeye huwa anashuka. Mkimwingiza kwa mlango wa kawaida ameshakuwa mgeni mwingine kabisa. Itabidi mjenge ngazi, na juu ya ngazi ghorofa ya tatu, na kwenye ghorofa hiyo vitanda viwili vya watoto. Ghorofa ya tatu haisimami hewani, kwa hiyo na nyingine za chini zinahitajika, na paa, na tangi la maji linalovuja, maana Bibi Mapacha akipita pale huwa ananyanyua sketi kidogo na kuguna, na sina uhakika kama mguno huo hauathiri mawimbi.

Mkishafika hapo, Ndugu Mkurugenzi, mtakuwa mmejenga jengo letu lote ndani ya chumba. Nimepiga mahesabu ya kawaida ya kiofisi nikaona ni rahisi zaidi mfanye kinyume chake: mje na zile karatasi zenu za kuzuia mawimbi mlizibe jengo letu lilivyo, tukiwa ndani, mlango wa mbele mtuachie ufunguo. Wenzangu sijawauliza, lakini nina hakika hawatakuwa na kipingamizi ilimradi waifai iwe mbovu.

7. Lalamiko hili nimelifuta mara mbili na kuliandika mara tatu, basi acha liende.

Bibi Mapacha haji tena. Wale wengine wawili nimeshawazoea kutokuwepo, kama unavyozoea jino lililong'oka. Yeye sijamzoea. Namsikia juu ya dari yangu akitoka jikoni kwenda dirishani, anasimama, anarudi. Wajukuu nao hawalali mapema kama zamani. Kila jioni, saa ile ile tuliyokuwa tukinywa chai, wanaruka juu ya kichwa changu mpaka balbu inacheza na vumbi la dari linanidondokea kwenye sahani. Hilo silihesabu kama lalamiko. Ni watoto, na mimi si mtu wa kumwendea bibi wa watu mlangoni kumsomea makosa ya wajukuu wake. Nimevumilia, na nitaendelea kuvumilia kimya kimya kama mstaarabu.

Shida yangu ni kwamba ningependa kupanda kumjulia hali, na sina sababu. Waifai yangu ni nzima, yake ni nzima, bomba halivuji. Nitagonga niseme nini? Nilifika hadi kwenye ngazi yake ya kati nikiwa na sukari kwenye kikombe, nikakumbuka kuwa anayeomba sukari huenda na kikombe kitupu, nikarudi. Nimempumzisha mke wangu miaka mingi iliyopita, na baada yake nilidhani nimeshajifunza kula nikitazama ukuta. Ninyi mmenionyesha kuwa sikujifunza. Nakosa mtu wa kuniambia chai yangu ina majani mengi. Hilo nalisema wazi, na kama kuna fomu ya kulisemea nileteeni nijaze.

8. Maombi yangu, kwa ufupi:

(a) Mrudishe maikrowevu yangu pamoja na ukanda wake wa baiskeli.

(b) Mvichukue visanduku vyenu vizuri, mtuletee vibaya. Kama hamna vibaya, yule mhandisi avilegeze.

(c) Mfute neno "wastani" kwa maandishi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa chini ya ngazi ili majirani wasome. Neno ninalopendekeza ni "ya kutisha".

Nisipopata jibu nitalazimika kuandika barua ya pili, na nakuonya kwamba mtu aliyefanya kazi masijala hachoki upesi.

Nifikishie salamu kwa Mhandisi. Mwambie mlango uko wazi, na safari hii hatutazima kitu. Wasalimie wenye makoti meupe, mlinzi wa getini, dereva aliyeibeba maikrowevu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Na yenyewe maikrowevu, mkipita karibu, muigonge ubavuni kidogo kwa niaba yangu.

Nabaki kuwa mwathirika wako wa hewa safi,

Karani mstaafu,
Ghorofa ya Pili, mlango wa kushoto.

Nyongeza baada ya saini:

Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Imenibidi niifungue kwa mvuke, na mvuke huo nimeupata kwenye sufuria.

Jioni hii waifai imekufa jengo zima. Nimesikia Mwalimu akiita wanafunzi wake mmoja mmoja bila kuitikiwa, kisha viatu vikianguka kwa Dada, kisha mlango wangu ukagongwa. Ni Bibi Mapacha. Alisimama kwenye zulia, kidubwasha mkononi, akasema amekuja kulalamika kuhusu maikrowevu.

Nikampeleka jikoni nikamwonyesha. Ile mliyonipa haijachomekwa hata kwenye umeme. Mwalimu na Dada walikuwa wameshaingia nyuma yake, kila mmoja ameshika simu iliyoganda, wakaitazama waya imening'inia, wakatazamana, kisha wakaenda kukaa kwenye kochi.

Bibi Mapacha akaweka kidubwasha chake mezani mahali pake pa siku zote. Pacha walikuwa wanakoroma. Akaniambia mambo ambayo nayaandika hapa kwa masikitiko ya kitaalamu. Kwamba mchafuzi wa hewa ya jengo hili ni hicho kidubwasha, tangu mwanzo. Kwamba kikiwashwa kinajaza njia zote, hata kisanduku chenu kihamie wapi. Kwamba Mhandisi wenu alikigundua wiki ya kwanza na kumweleza, na yeye akamwomba asikiandike popote. Akiwa nyumbani na wajukuu hana haja ya kukiwasha; hukiwasha pale tu anapowaacha wamelala na kushuka. Maikrowevu yangu ilikuwa ikiyumbisha waifai kidogo, yeye akipata sababu ya kuja, na akija ndiye anayeimaliza. Mlipoichukua, akakosa sababu, akabaki juu, kidubwasha kikazima, hewa ikawa safi, na jengo zima likadhani mkosaji amekamatwa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akavuta kikombe karibu.

"Karani, ningekuwa nashuka kwa kisingizio gani? Na wewe nimekungoja mpaka nimechoka. Nimewaacha watoto waruke juu ya kichwa chako kila jioni, nikajua leo atapanda kugomba, leo atapanda. Hukuja, basi leo nimewalaza nikakiwasha mwenyewe. Wewe ni mtu wa namna gani, usiyelalamika?"

Nikammiminia chai. Alikunywa, akasema chai ina majani mengi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naondoa malalamiko yote saba na maombi yote matatu. Maikrowevu bakini nayo. Neno "wastani" nalikubali, ni sahihi, na mlipima vizuri. Mhandisi wenu asiulizwe chochote. Kama ni kosa, hakuna aliyelilalamikia. Ila siku mtakayotengeneza kisanduku cha kukishinda kidubwasha hiki, nakuomba jengo letu liwe la mwisho kabisa kuletewa.

Kesho jioni nitapanda mimi. Wale watoto wanaruka mno, na lazima nimwambie.